Bawa Lililokunjwa kwa Moto

Baba yangu, Anselme Gauthey, hakuwa na imani na gundi. Alisema gundi ni mate ya seremala mvivu. Yeye alikuwa fundi mapipa, mtoto wa fundi mapipa, na pipa la mvinyo halina gundi wala msumari. Ni mbao za mwaloni zilizokunjwa kwa moto na maji, zikabanwa kwa pete za chuma mpaka zikakubali kuishi pamoja. "Ubao ni kama mtu," alikuwa akisema. "Upashe moto polepole, usemeshe, utainama wenyewe. Ukiubandika gundi, unangoja ulale ndipo uachie."

Nayasema haya mapema kwa sababu watu wa Chevrolles, kijiji chetu, watakupa habari nyingine. Watakwambia baba alikuwa mjeuri, kwamba uzeeni alikosana na kila mtu bila sababu. Waongo wakubwa. Sababu alikuwa nayo, ilikuwa na urefu wa mita nane, na nusu ya kijiji ilikuwa ikiijua kabla yake.

Sababu yenyewe ni ndege. Vita vilipokwisha, Ufaransa nzima ilikuwa na hamu ya kuruka na haikuwa na cha kurukia. Ndege za zamani zilikuwa zimeharibiwa au zimechukuliwa, na mpya zilikuwa za wenye nazo. Ndipo mafundi wawili wa Beaune, mji ambao kwetu ni mwendo wa baiskeli tu, wakabuni ndege ndogo ya mbao na kitambaa, kwanza ya kiti kimoja, halafu ya viti viwili, yenye injini ndogo isiyo na makuu. Ikaitwa Jodel. Michoro yake ikauzwa, na mtu yeyote mwenye banda, subira na mke mvumilivu akaweza kujijengea. Watu walizijenga kwenye maghala ya majani, kwenye madarasa wakati wa likizo, na nasikia kuna mmoja aliyeijengea chumbani, ikabidi avunje ukuta ili bawa litoke. Hata leo ukiona angani bawa lililonyooka katikati na kuinuka kwenye ncha zote mbili, kama mtu anayeinua viganja kusema "mimi sijui", hiyo ni Jodel.

Kwetu michoro ililetwa na Mwalimu Hilaire Bressoux, wa shule ya kijiji. Yeye na baba walikuwa wamefungwa pamoja Ujerumani wakati wa vita, miaka minne kwenye kibanda kimoja, baba akilala kitanda cha juu na mwalimu cha chini. Mtu uliyegawana naye kiazi kimoja kwa kisu kwa miaka minne humwiti rafiki tena, unamhesabu kuwa kiungo chako. Mimi nilimwita Baba Mdogo ingawa hatukuwa na damu moja.

Ilikuwa mwaka 1955, na kazi ya mapipa ilikuwa ikimfia baba mikononi. Wenye mizabibu walikuwa wanajenga matangi ya saruji. Wiki nzima ingepita bila mtu kuingia karakana, na baba angefagia sakafu iliyokwisha kufagiliwa. Mwalimu alipotandaza ile michoro juu ya pipa lililogeuzwa, nilimwona baba akivaa miwani na kuisogelea kama mwenye njaa aliyeonyeshwa mkate.

Wakagawana. Mwalimu angefanya kiwiliwili, injini na makaratasi ya serikali. Baba angefanya bawa, na roho ya bawa ni boriti yake, ule mti mmoja mrefu unaopita kutoka ncha hadi ncha na kubeba kila kitu, pamoja na watu wawili waliokaa juu yake. Hapo ndipo ugomvi wa kwanza ulipozuka, pale bawa linapopinda kwenda juu.

"Anselme, hapa mchoro unasema mbao zikatwe mshazari, ziunganishwe kwa gundi."

"Mchoro umechorwa na mtu asiyejua mbao."

"Umechorwa na mhandisi, bwana!"

"Si ndiyo nilivyosema?"

"Sasa wewe utafanyaje?"

"Nitaukunja. Kazi ya familia yetu ni nini, kusuka vikapu?"

"Huu ni msonobari, si mwaloni. Na si pipa hili."

"Samaki mkunje angali mbichi, Hilaire. Wewe kafundishe watoto hesabu."

Akaikunja. Majira mawili ya baridi aliyatumia kwa boriti ile. Aliwasha moto wa vipande vya mwaloni ndani ya kikapu cha chuma, akaulowesha ubao kwa kitambaa, akaupasha, akaukaza kidogo kwa kamba, akaulowesha tena, siku baada ya siku, mpaka ukainuka kwa pembe aliyoitaka mchoraji, bila kiungo hata kimoja. Pale penye kona mti ulibaki na rangi ya kahawia kama ganda la mkate. Ile kahawia ndiyo aliyoipenda. Aliwaleta watu waione. Aliniambia, "Unaona, Momo? Hapa hakuna uongo. Mti mmoja, kutoka mwanzo hadi mwisho." Momo ndilo jina alilonipa, jina langu kamili ni Mauricette na sikuwahi kulipenda.

Februari ya mwaka 1957 maji yalimjaa kwenye pafu. Alilazwa Dijon wiki saba. Aliporudi alikuwa amekonda na anatembea kwa kushika ukuta, lakini hakutaka kitanda, alitaka karakana. Tukampeleka. Mwalimu alikuwa amesimama mlangoni na wanaume wawili wa kijijini, na nyuma yao, juu ya vigoda, palikuwa na bawa zima, limefunikwa kitambaa cha kitani na kupakwa ile rangi inayokaza kitambaa na kunukia kama peremende. Lilikuwa limekamilika.

"Tulisema tukupunguzie kazi," mwalimu akasema. "Mkaguzi alipita mwezi uliopita, akapiga muhuri."

Baba akaweka kiganja juu ya kitambaa. "Nani ameshona?"

"Mimi na Mauricette," mama akajibu.

Kweli tulishona. Kitambaa cha bawa hufungwa kwenye mbavu zake kwa uzi unaopita upande hadi upande, na kazi hiyo haifanywi na mtu mmoja. Mmoja husimama huku na sindano ndefu, akaisukuma ipite. Wa pili hukaa kule, akaipokea na kuirudisha. Mama alisukuma, mimi nilipokea. Nilikuwa na miaka kumi na sita. Niliitwa wakati kitambaa kimeshavalishwa pande zote mbili, na sikuona chochote ila ncha ya sindano ikichomoza.

Baba alilia. Hakulia kifungoni Ujerumani, hakulia alipokufa babu, alilia siku ile mbele ya bawa kwa sababu watu wanampenda. Mama akageuka akaenda kuchemsha kahawa, nami nikadhani amezidiwa na furaha.

Ndege iliruka Juni ile ile. Mwalimu alikuwa rubani tangu kabla ya vita. Baba alijifunza akiwa na miaka arobaini na sita na akafaulu mara ya pili. Tangu hapo kila Jumapili yenye hewa nzuri walipanda wawili, bega kwa bega, maana kiti cha Jodel hakiruhusu kujitenga. Kabla ya kupanda, baba aliligonga bawa pale kwenye kona kwa kifundo cha kidole na kutega sikio, jinsi fundi anavyoligonga pipa kujua kama lina ufa. "Mzima," angesema. "Nausikia moto wangu." Mwalimu angeangalia upepo.

Na mkahawani je! Kijana yeyote aliyekuja kujifunza urubani alipewa hotuba. "Nyie mnaruka kwa gundi. Mimi naruka kwa mti." Wanaume walitazamana juu ya glasi zao na kutabasamu. Mimi nilidhani wanamcheka kwa kuwa anarudia hadithi moja, nikawachukia kwa hilo tu. Baba hakuona. Karakana aliifunga mwaka 1961, pipa la mwisho akaliuza kwa mtu aliyetaka kupanda maua. Lakini alitembea kijijini kifua mbele, kwa kuwa alikuwa na bawa.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Hii ilikwenda miaka kumi na saba.

Kitambaa cha ndege huchoka. Kila baada ya muda lazima kivuliwe, kivalishwe kipya, na cha kwetu kilikuwa kimepitiliza. Mwalimu alikuwa akikitetea kila mwaka: bado kizima, tungoje masika, tungoje mavuno yaishe. Mwaka 1974 mkaguzi mpya alikibonyeza kwa chombo chake, kikachanika kama karatasi, na ndege ikazuiwa kuruka. Baba alikuwa na miaka sitini na mitatu na alifurahi kama bwana harusi.

"Nitalivua mwenyewe," akasema.

"Pumzika, Anselme, vijana watafanya," mwalimu akasema. "Mgongo wako ule."

"Mgongo wangu umekuomba msaada?"

Ilipangwa Jumatatu. Lakini Jumamosi baba alishindwa kungoja. Tulikwenda naye kwenye banda la ndege, mama na mimi, na kikapu cha mkate, soseji na jibini, tukidhani ni matembezi. Nasema tukidhani, lakini mama alikuwa ameshajisingizia kuumwa kichwa asubuhi ile, akaambiwa abaki nyumbani basi, naye akaja. Baba alichukua kisu chake cha mapipa akachana kitambaa kando ya ukingo, akakishika kwa mikono miwili na kukivuta kwa nyuma. Kikatoka kwa mlio mmoja mrefu.

Ndani mti ulikuwa mweupe. Mweupe wote. Na pale kwenye kona palikuwa na mstari mshazari, mwembamba, wa rangi ya asali. Hata mimi nisiyejua mbao nilijua ni gundi.

Baba akavaa miwani. Alipitisha kidole juu ya ule mstari mara mbili. Akazunguka upande wa pili, akachana na huko, akatazama. Kisha mwalimu akaingia na baiskeli yake, akihema, kuna mtu alikuwa amemwambia. Baba akamuuliza kwa sauti ya kawaida kabisa.

"Hilaire, moto wangu uko wapi?"

"Anselme, kaa kwanza."

"Sikai. Uko wapi?"

Mwalimu akavua kofia. "Ulikuwa hospitali. Nilimwonyesha seremala mmoja wa Dijon ile boriti. Akasema msonobari ukiungua hivyo unakuwa mkavu kama biskuti. Akasema yeye asingempandisha hata mbwa wake. Akatengeneza nyingine."

"Na wewe hukuja kuniambia."

"Ulikuwa na mpira kwenye mbavu, unatolewa maji! Ningekwambiaje?"

"Wiki saba nilikuwa na mpira. Miaka kumi na saba je, nilikuwa na nini?"

Mwalimu akaikunja kofia mikononi.

"Boriti yangu umeiweka wapi?"

"Niliikata."

"Ukaifanya nini?"

"Kuni. Jiko la darasani."

Nilimwona baba akikaa juu ya kigoda peke yake, bila kuombwa. "Ungeniachia," akasema. "Ungeiweka darini. Ningetoka hospitali, tungeipakia mifuko ya mchanga mbele ya watu wote mpaka ivunjike au isivunjike. Ingevunjika ningekushukuru. Ningelewa, ningetukana, halafu ningekushukuru. Mimi si mtoto. Sasa sijui hata kama nilikosea. Umeninyima hata kosa langu."

"Ungenishukuru? Wewe?" Mwalimu alikuwa ameanza kulia kwa hasira. "Usingeniamini! Ungeiweka tu na kuruka nayo!"

"Na nimeigonga," baba akasema, kama hakumsikia. "Kila Jumapili naigonga, nasema nausikia moto wangu. Mbele yako. Masikio yangu nayo yakanidanganya, na wewe umesimama pale unaangalia upepo."

Niliuliza baadaye, kwa mtu anayejua. Akasema labda ingehimili, labda isingehimili, hakuna anayeweza kusema bila kuuona mti wenyewe. Basi hivyo.

Ingeishia hapo tungepona. Lakini mwalimu alikuwa amebanwa ukutani, na mtu aliyebanwa hukanyaga aliye karibu. "Usinitwishe mimi peke yangu," akasema. "Walioibeba boriti ni wanaume wawili. Kijiji kizima kinajua. Muulize na mkeo alisema nini."

Baba akageuka. Mama alikuwa bado ameshika kikapu.

"Ulisema nini, Léontine?"

"Nilisema usiambiwe." Hakuinamisha uso, hilo nampa. "Alikuja kwangu akanionyesha ile rangi ya moto, akaniuliza afanye nini. Nikasema ibadilishwe na usiambiwe. Mapipa yalishakwisha, Anselme. Ukinyang'anywa na bawa ungebaki na nini?"

"Na ukashona."

"Nikashona."

"Ukijua."

"Nikijua."

Kikulacho ki nguoni mwako, na baba nguo hiyo alikuwa ameshonewa na mkewe.

Tuliingia kwenye gari letu dogo kurudi nyumbani. Mimi niliendesha, mama kando yangu, baba nyuma. Tulikuwa tumeshapita kanisa aliposema, "Na wewe, Mauricette?"

Hakusema Momo. Nilisikia tofauti ile mwilini kama nimeguswa na kitu baridi.

"Sikujua, baba."

"Sindano inasukumwa na mmoja, inapokelewa na mwingine."

"Nilipokea. Lakini bawa lilikuwa limeshafunikwa. Naapa sikujua. Mama, si umwambie."

Mama alikuwa anatazama dirishani, ambako hapakuwa na kitu ila mizabibu. Nikamgusa goti. "Mama. Mwambie." Hakugeuka. Nilifika nyumbani, nikasimamisha gari, na alikuwa hajafungua mdomo.

"Mwenzako amekiri," baba akaniambia. "Wewe unaapa." Akashuka.

Baba aliishi miaka tisa baada ya siku ile. Hakupanda ndege tena. Mwalimu alimwamkia barabarani kila alipomwona, mwaka hadi mwaka, bila kujibiwa, na mwalimu alipokufa, baba alikata kuni siku ya maziko, tukasikia shoka mpaka kengele ziliponyamaza. Mama, yeye, baba alimsamehe. Ndiyo, alimsamehe kabla ya mwaka kwisha. Alisema mama alikuwa mke, alikuwa na hofu ya mke, na alipoulizwa alijibu. Walirudi kula pamoja na kutaniana juu ya chumvi kwenye supu. Mimi nilikuja kila Jumapili na keki, na nilipoingia baba alikatiza alichokuwa akisema. Alinishukuru kwa keki. Aliniita Mauricette, kwa adabu, kama mtu wa benki. Kwake mimi nilikuwa na makosa mawili: kushona, na kusema uongo machoni pake.

Nilijaribu. Nilimwandikia barua, aliirudisha imekunjwa vizuri. Nilimweleza tena na tena jinsi kitambaa kilivyokuwa kimeshavalishwa, akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Sawa." Lile "sawa" bado linaniuma kuliko matusi yote niliyowahi kutukanwa. Alikufa Novemba, mchana, mimi nikiwa nimemshika mkono, na hakuwa ameniamini.

Wiki moja baada ya maziko nilikuwa jikoni na mama tukimenya viazi. Alikuwa mzee sana, na nilikuwa nimeapa nisimuulize. Nikamuuliza. Kwa nini alinyamaza siku ile kwenye gari, wakati neno moja lake lingetosha.

Hakujifanya kusahau. Alimenya kiazi mpaka mwisho.

"Niliogopa," akasema. "Kama ningekuwa peke yangu angeniacha. Tukiwa wawili, nikaona hasira yake itagawanyika, nami nitaweza kuibeba."

"Lakini mimi sikuwa na kosa, mama."

"Najua," akasema, akachukua kiazi kingine. "Ndiyo maana nikajua wewe utaweza."